Kuongoza si Kushika Kila Kitu

Ndugu Waislamu, kila msimu wa Maulid unapokaribia mjini Bagamoyo, kamati huketi na kugawana kazi: wa kupokea wageni, wa mapishi, wa maturubai na mikeka, wa kukusanya michango. Ugawaji huo ni mwepesi katika karatasi. Ugumu huanza pale aliyegawa anapomwandama kila aliyepewa kazi, akaupima mchele upya na kuihesabu mikeka iliyokwisha kuhesabiwa, kisha akasema kwamba vijana wa siku hizi hawaaminiki. Mwaka unaofuata vijana wale hawaji, naye hulalamika kwamba ameachiwa mzigo peke yake.

Madhara yake hayaishii katika sufuria za pilau. Iko misikiti ambayo hati ya kiwanja, daftari la michango na namba ya fundi wa pampu vyote vimo mikononi mwa mtu mmoja. Akilazwa hospitali, maji ya udhu hukatika kwa kukosekana anayejua pa kuanzia. Akifariki, hati za wakfu hutafutwa masandukuni, na mgogoro huzaliwa palipokuwa na sadaka.

Tulitazame jambo hili kwa mwanga wa Sira. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakiichavusha mitende kwa mikono. Akaonesha kwamba hadhani kama kuna faida, nao wakaacha, mazao yakapungua. Alipoelezwa, aliwarudishia wenyewe jambo lile, akiwabainishia kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Hadithi hii imo katika Sahih Muslim. Ikiwa Mtume aliwaachia wakulima mitende yao, nani miongoni mwetu asiyeweza kumwachia mpishi chungu chake?

Huenda mtu akajibu: "Niliwaachia mara moja, wakaharibu." Jibu lake liko Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume (S.A.W.) alipendelea kubaki Madina, lakini akaifuata rai ya walio wengi ya kutoka nje. Waislamu wapatao 70 wakauawa. Aya ya 159 ya Surat Aal-Imran, iliyoteremka baada ya vita ile, haikumwamuru awanyang'anye ushauri. Ilimwagiza awasamehe, awaombee maghufira na ashauriane nao, kisha akiazimia jambo, amtegemee Allah (S.W.). Kwa hiyo kosa la mwenzio si hoja ya kumnyima nafasi, na matokeo hayako mkononi mwako wala mwake.

Hatusemi kazi iachwe ovyo. Amana ina mipaka yake. Mpe mtu kazi kwa maneno yaliyo wazi, mwambie kiasi cha fedha na siku ya kutoa hesabu, kisha muache. Siku hiyo ikifika, muulize mbele ya wenzake kwa adabu. Njia yake ikitofautiana na yako na kazi ikawa imetimia, mshukuru.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Mama anayelipika upya kila chakula cha bintiye hatapata msaidizi, na baba asiyemshirikisha mkewe katika madeni na mali humwachia mtihani mkubwa siku ya eda.

Mji wetu una mfano wake. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa pwani akiwa mtumwa mwenye asili ya Manyema, akasoma, akawa kiongozi wa Qadiriyya aliyefuatwa na watu wengi. Alifariki mwaka 1931. Zikri haikuzimika pamoja naye. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, aliupokea uongozi na watu wakaendelea kuja Bagamoyo. Basi kila mwenye ufunguo wa msikiti na ajiulize leo: ni nani mwingine ajuaye mlango unavyofunguliwa?

Wabillahi tawfiq.