Ndege wahamao wa maziwa ya Singida: Mbona uzito wao hutofautiana?

Na Mwandishi Wetu

MNUNUZI mzoefu wa kuku wa kienyeji mkoani Singida hana haja ya mzani. Humnyanyua kuku kwa mkono, akambonyeza kifuani, ndipo anapotaja bei. Anachotafuta ni mambo mawili yasiyofanana, yaani ukubwa wa umbo na unono. Anafahamu fika kwamba jogoo mwenye mifupa mikubwa aweza kuwa amekonda, na tetea mdogo akawa amenona.

Watafiti wa ndege wa ufukweni nao hutenganisha mambo hayo mawili, isipokuwa wao hutumia rula na mzani wa gramu. Rula hupima bawa, mdomo na mguu, ambavyo havibadiliki sana ndege akishakomaa. Mzani hupima kile kinachobadilika kila wiki. Asiyetofautisha vipimo hivyo viwili hawezi kuelewa maisha ya ndege wahamao.

Wakazi wa Mandewa na kata nyingine za Manispaa ya Singida wanaishi katika mji uliokaa kati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai. Maziwa ya Singida yameorodheshwa miongoni mwa maeneo muhimu kwa ndege nchini Tanzania, katika orodha iliyoandaliwa na Neil na Elizabeth Baker na kuchapishwa mwaka 2002. Wengi huwafahamu heroe, ndege warefu wenye rangi ya waridi. Wachache huwatazama wale wadogo wenye miguu myembamba, wanaokimbia juu ya tope huku wakidonoa. Watu wa pwani huwaita vitwitwi.

Kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Mei, wengi wa ndege hao katika maziwa ya Afrika Mashariki huwa ni wageni. Walianguliwa kaskazini mwa Ulaya na Siberia, umbali wa maelfu ya kilomita. Ukiwapima ndege wa spishi moja huku kwetu, Uingereza na Urusi, utapata takwimu zisizolingana. Sababu kuu ni tatu: asili, jinsia na akiba ya safari.

Asili ya kuzaliwa

Mfano mzuri wa sababu ya kwanza ni kitwitwi mwenye mkanda mweusi kifuani, ambaye jina lake la kisayansi ni Charadrius hiaticula. Wale wanaotaga Uingereza na nchi za jirani ni wakubwa zaidi, na migongo yao imepauka. Wale wanaotaga kaskazini ya mbali, kutoka Skandinavia hadi mashariki kabisa mwa Urusi, ni wadogo na weusi zaidi. Wataalamu huwaita tundrae, na hao ndio wanaofika Afrika Mashariki.

Jambo hilo linaonekana kwenda kinyume cha kanuni ya zamani ya elimu ya viumbe. Mwaka 1847, Mjerumani Carl Bergmann alieleza kwamba wanyama wa nchi za baridi huelekea kuwa wakubwa kuliko ndugu zao wa nchi za joto, kwa kuwa mwili mkubwa hupoteza joto polepole. Kwa kanuni hiyo, ndege aliyezaliwa karibu zaidi na Ncha ya Kaskazini ndiye angepaswa kuwa mkubwa.

Maelezo ya kitendawili hiki yamo katika safari yenyewe. Vitwitwi wakubwa wa Uingereza hawaendi mbali, na wengi hubaki Ulaya ya Magharibi wakati wa baridi. Wale wadogo wa kaskazini huwaruka ndugu zao hao angani na kuja hadi Afrika, kama watoto wanaorukana migongoni mchezoni. Hukaa kaskazini miezi michache tu ya kiangazi, na sehemu kubwa ya mwaka huitumia katika joto. Anayevumilia baridi kwa muda mrefu zaidi ni yule wa Uingereza, na ndiye mwenye mwili mkubwa.

Dume na jike

Sababu ya pili ni jinsia. Katika spishi iitwayo Calidris pugnax, inayofika kwa wingi katika maziwa na mashamba ya mpunga ya Afrika Mashariki, dume huwa na gramu 180 hivi, wakati jike ana gramu 110 hivi. Tena wawili hao hawagawani Dunia sawasawa. Madume wengi hubaki kaskazini zaidi wakati wa baridi, na kadiri mtu anavyokwenda kusini mwa Afrika ndivyo majike wanavyozidi kuwa wengi.

Hivyo basi, atakayechukua wastani wa uzito huku na kuulinganisha na wa Ulaya, aweza kudhani kwamba ndege wa Afrika wamedhoofika. Kumbe hawakudhoofika hata kidogo, bali amepima majike wengi upande mmoja na madume wengi upande mwingine.

Akiba ya safari

Sababu ya tatu ndiyo inayogusa moja kwa moja maziwa yetu. Kitwitwi mdogo kuliko wengi, Calidris minuta, ana uzito wa gramu 20 na ushei anapoishi maisha ya kawaida huku Afrika, karibu sawa na vijiko vitano vya chai vya sukari. Mtafiti David Pearson, aliyewachunguza ndege hao katika maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya na kuchapisha matokeo yake mwaka 1987, alionyesha jinsi uzito huo unavyopanda kabla ya safari ya kurudi kaskazini, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei. Wapo wanaozidi gramu 30. Ni sawa na mtu wa kilo 60 kufikia kilo 80 kwa muda wa wiki chache tu.

Ongezeko hilo kwa sehemu kubwa ni mafuta. Gramu moja ya mafuta hutoa nishati zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga. Kwa ndege anayepaswa kuvuka majangwa bila kituo, hakuna mzigo mwingine unaofaa kuliko huo. Wahenga walinena kuwa akiba haiozi, na kwa ndege huyu akiba hiyo ndiyo uhai.

Baadhi ya ndege wa ufukweni huenda mbali zaidi katika maandalizi hayo. Kabla ya kuruka, matumbo yao husinyaa ili kupunguza uzito usio na kazi angani, kisha hukua tena wanapotua. Kwa namna hiyo ndege kijana wa spishi ya Limosa lapponica aliweza, mwezi Oktoba 2022, kuruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua.

Tope ni kituo cha mafuta

Kutokana na hayo, ndege mwepesi mwezi Januari si habari ya kutisha. Amefika, amepumzika, na hana sababu ya kubeba mzigo. Ndege mwepesi mwishoni mwa Aprili ni jambo jingine kabisa. Huyo aweza kuanguka njiani, au kufika kaskazini amechoka na kushindwa kutaga katika kiangazi kile kifupi.

Kinachoamua ni tope la kingo za ziwa. Humo ndimo wanamopatikana viluwiluwi vya nzi na wadudu wadogo wa majini ambao ndege huwageuza kuwa mafuta. Kingo zikifukiwa, zikilimwa hadi majini au zikigeuzwa jalala, chakula hicho hupotea. Hata bila hayo, kila mara ndege anapokurupushwa na mbwa, pikipiki au mawe ya watoto, hutumia angani mafuta aliyokusudia kuyaweka.

Onyo lingine limetoka mbali. Mwaka 2016, mtafiti Jan van Gils na wenzake walichapisha katika jarida la Science habari za spishi ya Calidris canutus. Kwa kuwa theluji ya kaskazini inayeyuka mapema, vifaranga hukosa wakati wa wadudu wengi na kukua wakiwa wadogo, wenye midomo mifupi. Wakifika Mauritania, mdomo mfupi haufikii chaza waliofukiwa ndani mchangani, na wengi zaidi hufa. Kasoro iliyoanzia kaskazini ililipiwa Afrika. Njia hiyo hiyo yaweza kupitwa kinyume, kwani njaa ya ufuko wa Afrika italipiwa kwenye viota vya Siberia.

Tanzania haikosi nyenzo za kuzuia hali hiyo. Ni mwanachama wa mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wahamao kati ya Afrika, Ulaya na Asia, ulioanza kutumika mwaka 1999. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuhatarisha mazingira yake.

Manispaa ya Singida inakua, na wananchi wanahitaji viwanja, bustani na barabara. Lakini mita hizo 60 si ardhi iliyokaa bure, kwani ndimo mgeni wa gramu 20 anamojaza akiba ya safari ya maelfu ya kilomita. Akiikosa Aprili, hakuna mahali pengine atakapoipata kwa wakati.