Sange wa Boni: Ilichukua miaka mingi kumpa jina

Ukitoka Masalani, Garissa, ushuke kuelekea bahari, utakutana na Msitu wa Boni. Ndani yake kuna kamnyama kadogo kuliko paka, kenye pua ndefu kama mkonga, kanakula wadudu. Ni sange.

Mwaka wa 2010, watafiti wa KWS, Makumbusho ya Kenya na ZSL ya London walitoa picha za kamera zinazojipiga zenyewe msituni. Ilikuwa noma! Sange wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, ana makalio ya dhahabu. Huyu mapaja yake ni meusi tititi. Wasee wakajiuliza: spishi mpya?

Lakini rangi pekee haitoshi. Ilibidi wapime miili na wasome DNA, na DNA ikasema hawa wawili ni ndugu wa karibu. Basi 2018 akaandikwa kama nususpishi: Rhynchocyon chrysopygus mandelai, kwa heshima ya Mandela.

Mbona jina ni muhimu? Mnyama asiye na jina hahesabiwi, na asiyehesabiwa halindwi. Msitu wenyewe unakatwa, na Al-Shabaab wamejificha humo, so watafiti kuingia si rahisi. Boni ikiisha, jina litabaki kwa karatasi tu.