Ngozi Inawasha, Majibu ya Tezi Bado

Tuseme mama mmoja anaona ngozi yake imekauka na inawasha usiku. Nywele zinakatika. Anasikia baridi hata jua likiwaka. Majirani wananong'ona: huyu karogwa, huyu ana ukimwi. Mganga wa zahanati anampeleka hospitali ya wilaya. Huko anatolewa damu, anaambiwa asubiri majibu. Je, afanye nini siku hizo?

Kwanza tuelewe. Mbele ya shingo kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Hutengeneza homoni inayoendesha kazi za mwili. Homoni ikipungua, mwili hupoa kama jiko lililopungukiwa kuni. Jasho hupungua, ngozi hukauka, choo huwa kigumu na mtu huchoka. Homoni ikizidi, ngozi huwa na joto na jasho, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka na mwili hukonda. Hali zote mbili zaweza kuleta muwasho. Tena tezi yaweza kuugua bila shingo kuvimba. Ndiyo maana damu hupimwa.

Wakati wa kusubiri, fuata haya:

1. Oga maji ya uvuguvugu. Usijisugue kwa jiwe. Ukimaliza, jipake mafuta ya kawaida.

2. Usikubali kuchanjwa. Usipake krimu za kuchubua ngozi. Baadhi zina zebaki, nayo ni sumu.

3. Usimeze vidonge vya tezi vya jirani. Homoni ikizidi huumiza moyo.

4. Tumia chumvi yenye madini joto, lakini usizidishe. Hukinga rovu, haiponyi kila ugonjwa wa tezi.

5. Kama una mimba, mwambie mganga mapema. Ubongo wa mtoto unahitaji homoni hiyo.

6. Ukiona doa lisilosikia mguso, rudi zahanati. Huenda ni ukoma, nao unatibika.

7. Ukishindwa kupumua au kumeza, au moyo ukienda mbio sana, usingoje tarehe. Nenda hospitali mara moja.

Nanyi majirani, ugonjwa wa tezi hauambukizi. Kuleni naye, mchotee maji akichoka.

Mama, itunze karatasi yako ya hospitali. Sasa unajua kusoma: soma tarehe ya kurudi, uifuate. Majibu yasipochukuliwa, damu imetolewa bure.

Maswali ya kujadiliana darasani: Kwa nini damu hupimwa? Kijijini kwetu tunamsaidiaje anayesubiri majibu?