Ndege wa kuruka, ndege ya bomu, ndege mbaya

Mtoto wa Kalemie akipiga kelele «Ndege!», inabidi umuulize: ndege gani? Neno ni moja, maana ni nyingi.

Kuna ndege wa mabawa, anayewinda ndakala kandokando ya ziwa. Kuna ndege ya mashine. Hiyo huku kwetu si ya jana: mwaka 1916 ndege za maji za Wabelgiji zilitoka upande wetu wa ziwa, zikaenda kutupa mabomu Kigoma kwa Wajerumani.

Halafu kuna ndege asiyeonekana. Mtu akikuta jambo baya njiani asubuhi, anasema «nimepata ndege mbaya», anarudi nyumbani. Ndege hapo ni dalili.

Kwa wachimbaji wa makala wa Uingereza, dalili hiyo ilikuwa ndege kweli. Mtaalamu John Scott Haldane aliwashauri kushuka shimoni na kanari. Hewa ya sumu haina harufu, lakini inaangusha kanari mbele ya mtu. Akianguka, wote wanapanda. Mwaka 1986 ikaamuliwa mashine zishike nafasi yake.

Wengi wetu hatuna kanari wala mashine hiyo. Basi ndugu, motopompe isishuke mu shimo: moshi wake ndiyo hiyo sumu. Kichwa kikiuma, miguu ikilegea, panda mbio. Mwenzako akianguka, usimfuate; ita watu, ingizeni hewa kwanza.

Na wewe mama, baba akitoka kazini na kichwa kinamuuma, usinyamaze. Huyo ndiye ndege mbaya.