Glavu za Mpiga Kafi

Apendaye kupiga kafi aghalabu hufikiri juu ya chombo, kisha juu ya kafi, na mikono akaisahau. Hali mikono ndiyo iendeshayo chombo. Ikishindwa hiyo, kafi zuri halimfai kitu. Basi leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za glavu, hasa vijana walioko masomoni Uingereza, Kanada na nchi nyingine za baridi.

Maji hupitisha joto yapata mara 25 kuliko hewa. Vidole vilivyolowa maji ya baridi hufa ganzi upesi, na kayaki ikipinduka mtu hawezi kushika kamba wala kuvuta utepe wa kitambaa kilichomfunika kiunoni. Hapo ndipo hatari ilipo. Wenyeji wa Greenland, ambao kayaki ni chombo chao cha asili, walilitambua hilo tangu zamani, wakajishonea glavu za ngozi ya sili.

Siku hizi glavu nyingi ni za neoprini, mpira uliovumbuliwa Marekani mwaka 1930. Ndani yake mna vipovu vya gesi vizuiavyo joto lisitoke. Unene wa milimita 2 au 3 huacha vidole na hisia. Milimita 5 huleta joto zaidi, ila vidole huwa vizito. Glavu isiyotenga vidole, ila gumba tu, huhifadhi joto kuliko yenye vidole vitano.

Usinunue kwa kutazama rangi. Ivae, ukunje ngumi, ushike kafi. Ikibana, damu haipiti vyema na mkono huchoka. Ikipwaya, maji huingia na kafi huteleza. Iliyoshonwa vidole vikiwa vimekunjika kidogo ndiyo bora. Kwenye bahari ya joto yatosha glavu nyepesi yenye vidole wazi, kuzuia malengelenge na jua.

Baada ya safari, zisuuze glavu kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, uzipindue nje ndani, uzianike kivulini penye upepo. Jua kali na moto huupasua mpira. Na glavu iliyofungiwa mbichi hunuka. Tundu dogo lizibwe mapema kwa gundi ya mpira.

Tahadhari kabla ya athari, walisema wahenga. Azitunzaye glavu zake huitunza mikono yake, na siku ya dhoruba mikono hiyo ndiyo itakayomrudisha pwani.