Rada kando ya kitanda: nguvu kidogo yatosha

Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa toleo la pili la Nest Hub, kifaa cha kuweka kando ya kitanda chenye rada ndani yake. Hakina kamera wala hakivaliwi. Mawimbi yake hugonga kifua cha aliyelala na kurudi na habari za pumzi zake. Mzazi yeyote atauliza: rada usiku kucha karibu na mwanangu, haidhuru?

Ni swali la haki, na jibu lake limo katika kiasi cha nguvu. Rada hiyo, Soli, hutumia masafa ya gigahezi 60 hivi. Tarehe 31 Desemba 2018 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliikubalia nguvu isiyozidi miliwati 10 kutoka kwenye chipu, yaani sehemu ya mia moja ya wati, kwa sharti kwamba irushe mawimbi kwa asilimia 10 tu ya muda. Hata ukihesabu kwamba antena huyakusanya upande mmoja, anayelala mita moja kutoka hapo hupata chini ya sehemu ya 10,000 ya kikomo cha kimataifa cha mwaka 2020 kwa watu wa kawaida. Tena mawimbi ya masafa hayo huishia kwenye ngozi, hayafiki hata milimita moja ndani. Athari yake inayojulikana ni joto.

Kiwango hicho hulindwa ndani ya chipu yenyewe. Mhandisi huandika namba kwenye kumbukumbu yake, na namba hiyo huamua umeme unaoingia kwenye amplifaya ya mwisho kabla ya antena. Lakini chipu ikipata joto, amplifaya hudhoofika, na ikipoa hupata nguvu tena. Kwa hiyo huwekwa kipimajoto na kipimo kidogo cha nguvu inayotoka, ili namba irekebishwe kila hali inapobadilika. Bila hivyo, kifaa kilichopimwa maabara kikiwa na joto kingeweza kuvuka kikomo chumba kikipoa.

Kwa nini basi wasiongeze nguvu kidogo, ili rada ione mbali? Kwa sababu faida yake ni ndogo mno. Mawimbi hufifia yakienda, na mwangwi wake hufifia tena ukirudi. Ukitaka umbali mara mbili, unahitaji nguvu mara 16. Ukiipunguza kwa nusu, rada iliyofika mita 10 bado itafika mita 8.4. Isitoshe, kipokezi kiko milimita chache tu kutoka kwenye kirushio, na nguvu ikizidi hulemewa na mawimbi ya chipu yake yenyewe.

Kinachoipa rada hii umakini ni udogo wa wimbi lake. Lina urefu wa milimita 5, kwa hiyo kifua kikisogea milimita moja tu, njia ya kwenda na kurudi hubadilika kwa milimita 2, karibu nusu ya wimbi zima, na kipokezi hulitambua badiliko hilo waziwazi.