Mapigo ya Moyo Kwenye Baiskeli ya Jimu: Kweli au Si Kweli?

"Toa umri wako kwenye 220, utapata kikomo cha moyo wako."
Si kweli. Hayo ni makadirio, ingawa jimu nyingi huyachukulia kama sheria. Kanuni hii ilitolewa mwaka 1971 na Samuel Fox na wenzake, waliokusanya matokeo ya tafiti za wengine na kuchora mstari wa wastani. Mwenye miaka 40 huambiwa kikomo chake ni 180, lakini watu wa rika moja hupishana kwa mapigo 10 au 12 juu au chini, nao wote ni wazima. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walipendekeza 208 toa asilimia 70 ya umri. Kwa miaka 40 jibu ni lile lile. Kwa miaka 60 unapata 166 badala ya 160, kwa hiyo wazee wengi wamekuwa wakipangiwa malengo ya chini mno. Hata hivyo, huo nao ni wastani tu.

"Mwalimu akisema asilimia 60, sote tunajua anataka nini."
Si kweli, na hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme kikomo chako ni 180, na asubuhi kabla hujatoka kitandani moyo unapiga 60 kwa dakika. Asilimia 60 ya kikomo ni 108. Lakini kwa njia ya Martti Karvonen wa Finland, ya mwaka 1957, unatoa kwanza mapigo ya kupumzika: 180 toa 60 ni 120. Asilimia 60 yake ni 72. Rudishia zile 60, unapata 132. Kwenye 108 unapiga soga na jirani. Kwenye 132 jasho linakutoka. Muulize mwalimu: asilimia 60 ya nini?

"Ukikanyaga taratibu ndipo unapochoma mafuta."
Nusu kweli. Mwendo mdogo hutumia sehemu kubwa zaidi ya mafuta, lakini nguvu yote unayotumia ni ndogo. Anayetaka kupungua aangalie jumla ya kazi na chakula chake.

"Mapigo yakipanda na kasi ni ile ile, huna mazoezi."
Si kweli. Baiskeli ya ndani haisogei, hivyo hakuna upepo wa kukupoza. Damu nyingi huenda kwenye ngozi kupoza mwili, jasho hupunguza maji, na moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Weka feni mbele yako, na kunywa maji.

"Saa ya mkononi inatosha."
Kwa mwendo wa wastani, mara nyingi ndiyo. Kwenye mbio fupi za kasi, ukiwa umekaza mikono kwenye usukani, mkanda wa kifuani ni bora zaidi.

"Dawa za presha huvuruga hesabu zote hizi."
Kweli kwa baadhi ya dawa hizo. Atenolol, bisoprolol na propranolol hushusha mapigo, na kulifukuzia lengo la chati ukiwa unazitumia ni hatari. Mwombe daktari akupangie lengo lako, na mazoezini pima kwa pumzi: mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kifua kikibana au kizunguzungu kikikujia, acha kukanyaga mara moja na utafute msaada.